Hodi ya Kwenye Mshale

Mshale uliruka wakati chumbani hakuna kilicholia. Uliruka mara mbili, ukatulia, ukaruka tena mara mbili, na Bwana Eti aliyekuwa ameuinamia akadhani ni macho yake yamechoka.

Ilikuwa mchana wa siku ya mapumziko. Sebuleni kwake kulikuwa na spika mbili ndefu na amplifaya, alizozinunua kwa jirani aliyekuwa anahama, na tangu ziingie mle ndani amani ya nyumba ilikuwa imehama pamoja na jirani. Akiweka sauti ya kumtosha yeye, mkewe alilalamika kwamba vikombe vinatembea kabatini. Akiweka sauti ya kumtosha mkewe, yeye alijiona amenunua makabati mawili marefu yasiyo na milango. Wakavutana hivyo mpaka kinyozi wa mtaa, ambaye hakuna ndoa asiyoijua, akampa dawa.

"Acha kugombana na shemeji," alimwambia huku akimnyoa. "Pakua programu ya kupimia sauti kwenye simu. Ile haina mume wala mke, itasema kweli."

Ndiyo hiyo programu aliyokuwa ameifungua sasa. Ilichora kwenye kioo cha simu duara lenye mshale, mfano wa ule unaoonyesha mwendo wa gari: kushoto kimya, kulia kelele, na chini yake namba. Simu ilikuwa juu ya kigoda, na kigoda juu ya meza, ili iwe sawa na sikio la mtu aliyeketi kwenye kochi. Mpango wake ulikuwa kupiga mvumo mmoja, ile shhh ya redio isiyoshika stesheni, kwanza kwenye spika ya kushoto, kisha ya kulia, aziongeze na kuzipunguza mpaka mshale usimame mahali pamoja kwa zote mbili. Lakini kabla ya hapo, kinyozi alimwelekeza, lazima apime kimya cha chumba chenyewe, ajue nyumba ina kelele kiasi gani kabla spika haijasema neno.

Kwa hiyo aliamuru kimya. Mkewe, ambaye alikuwa mshonaji, aliondoa miguu kwenye cherehani akakunja mikono. Binti yao wa pekee, waliyemwita Kasuku, na jina hilo hakulipata kwa bahati, alijibana midomo kwa viganja vyote viwili, mashavu yamemvimba kwa maneno yaliyozuiliwa. Mtoto huyo aliamka akiongea na kulala akiongea. Alimweleza paka habari za shule, alimsimulia mama habari za paka, na baba yake alipotoka kazini alimngojea barabarani ili muda usipotee bure.

Bwana Eti mwenyewe aliendesha mashine ya kusaga nafaka, na mashine ilikuwa imemla masikio. Miaka ya kusimama kando ya ngurumo ile ilimwachia nyuki kichwani, mvumo mwembamba usiolala, na nyuma ya mvumo huo maneno ya watu yalimfikia nusunusu. Zamani alikuwa akiuliza, "Eti?" Akauliza mno, wateja wakamgeuzia kuwa jina. Lilimchoma, akaapa kwamba neno hilo halitatoka tena kinywani mwake, na tangu hapo akawa na ufundi wake: asiposikia, hukisia. Mtu akifunga mdomo, yeye hutazama uso na kujibu "Haya," au "Asante," au "Karibu," na mara nyingi alipatia. Hodi ndiyo hakuisikia kabisa. Hodi aliiona, kwenye kivuli chini ya pazia, au kwenye shingo ya mkewe inapogeuka kuelekea mlangoni.

Sasa aliiona kwenye mshale. Mara mbili, kituo, mara mbili. Ho-di. Ho-di. Akaona aibu kwamba kuna mtu mlangoni anaungua na jua na mwenye nyumba hana habari, na kabla mkewe hajamwahi kwa lile tabasamu lake la kumhurumia, akapaza sauti kwa ukarimu wote aliokuwa nao.

"Karibu! Karibu ndani, mlango uko wazi!"

Pazia la mlangoni lilinyanyuka, likashuka. Nje hakukuwa na upepo. Ikaingia harufu ya vumbi lililomwagiwa maji, na chini yake harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu na nguo zikiwa ndani. Mshale ulianguka kushoto, chini kuliko ulivyokuwa mwanzo, ukalala palepale.

"Umemkaribisha nani?" mkewe aliuliza.

"Aliyepiga hodi."

"Hakuna aliyepiga hodi, Baba Kasuku."

"Baba amekaribisha upepo!" Kasuku alipasuka, viganja vimeachia, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Mama naye akacheka. Baba akacheka pamoja nao, kwa kuwa heri kucheka kuliko kuulizwa maswali, kisha wakaendelea na kazi yao ya spika.

Kazi hiyo ilikwenda vizuri kupita matarajio. Spika zilisawazishwa, mshale ukasimama alipotaka, na mkewe hakulalamika. Kesho yake akaongeza sauti kidogo, mke kimya. Akaongeza tena; mke anashona tu, anamtazama kwa upole. Alikwenda kutamba kwa kinyozi kwamba simu imewapatanisha, na kinyozi akachukua sifa yake akaitundika ukutani. Kwamba yeye mwenyewe aliusikia muziki ukififia kadiri alivyouongeza, hilo hakumwambia mtu. Alidhani ni masikio yake yanaendelea kufa, na mtu hatangazi msiba wa namna hiyo.

"Cherehani imekuwa laini siku hizi," mkewe alimwambia jioni moja. "Haipigi kelele hata kidogo. Umeitia mafuta?"

Hakuwa ameigusa. Lakini sifa ya bure nani aikatae?

"Kidogo tu," alisema.

Mkewe ndiye aliyetangulia kuogopa. Siku moja sinia la bati lilimponyoka jikoni, likaanguka kwenye saruji, likazunguka kama yanavyozunguka masinia, likalala, na hakusikia chochote. Akaliokota. Akaliangusha tena kwa makusudi, kutoka juu zaidi. Alipomsimulia mumewe, alisimulia akiwa amelikumbatia lile sinia kifuani, naye Bwana Eti akamwambia pengine ni mafua yameziba masikio. Harufu ya vumbi bichi ilikuwa imekaa kwenye kochi moja, lile la kushoto, na haikutoka hata madirisha yalipofunguliwa kutwa nzima. Paka alihamia kwa jirani mwingine.

Kisha ikawa zamu ya Kasuku. Sauti yake ilianza kukauka, watu wakasema ni mafua. Ikawa mnong'ono, wakasema ni domo lake mwenyewe limemkwaruza koo, apumzike kidogo dunia nayo ipumzike. Daktari alimmulika kooni, akamwambia aseme aaa, akatazama tena, akasema koo ni zima kabisa na yeye haelewi. Mwalimu wake, aliyezoea kumfukuza nje kwa kuongea darasani, alifika nyumbani kwa miguu yake kuuliza mtoto ana nini.

Bwana Eti alishangaa. Alishangaa kwa dhati ya moyo wake.

"Mbona mimi namsikia vizuri?" alimuuliza mkewe. "Leo asubuhi ameniambia penseli yake imevunjika."

Mkewe alimgeukia. "Humsikii," alisema taratibu, akimwelekezea uso ili ayapate maneno yote. "Unamwona."

Alitoka nje akaenda kukaa nyuma ya nyumba, penye matangi ya maji. Aliielewa maana yake, na ilimuuma kuliko jina lolote alilowahi kupewa. Kwa muda ambao hakuujua mwanzo wake, alikuwa akiisoma midomo ya binti yake na kujidanganya kwamba ni sauti. Sauti yenyewe ilikuwa imeondoka ndani ya nyumba yake, na yeye baba alikuwa wa mwisho kupata habari. Alilia pale, peke yake.

Jambo lililomtoa kabisa kwenye kukisia lilitokea siku ya kazi. Alirudi mchana kula, unga umemjaa nyusi, akamkuta mkewe uani akianika nguo kwa utulivu. Nyuma yake, hatua chache tu, mlango wa bafu la nje ulikuwa unatikisika. Ulitikisika kwa nguvu, bawaba zinacheza, na mkewe ameupa mgongo.

"Nani yuko bafuni?"

Mkewe akageuka. Beseni lilimtoka mikononi likaanguka bila kishindo.

Bwana Eti aliuvunja mlango kwa bega. Komeo lilikuwa limekwama kwa ndani, na Kasuku alikuwa chini ukutani, mdomo wazi wote, mishipa ya shingo imesimama, vidole vinatoka damu kwa kuupiga mlango. Alikuwa amemwita mama yake kwa nguvu zake zote, mama aliyekuwa karibu kiasi cha kumgusa, na mama alikuwa anabana nguo kwenye kamba. Mkewe alijitupa sakafuni akamkumbatia mtoto, akawa anarudia neno moja tu, nisamehe, nisamehe.

Walimbeba mpaka sebuleni. Bwana Eti akaitoa simu, akaifungua ile programu, akaiweka mbele ya mdomo wa mtoto.

"Lia, mwanangu. Lia baba aone."

Mtoto alilia, machozi yakamlowesha kidevu, na mshale ulilala kushoto haukutikisika. Alipofunga mdomo ili ameze mate, ndipo mshale uliponyanyuka wenyewe, polepole, ukapanda, ukakaa juu kidogo, ukashuka. Ulipanda kama tumbo la mtu anayepiga mbweu baada ya kushiba.

Walimwita shangazi. Huyu alikuwa dada wa marehemu baba yake Bwana Eti, mwanamke mnene aliyeuza vitambaa, na watu walimwendea kwa mambo yasiyo na daktari. Hakuja na vibuyu wala manyanga. Alikuja na mkoba wake na miwani yake, akasimama katikati ya sebule akivuta hewa puani, na Bwana Eti alipofungua kinywa kumwamkia, alimwekea kidole midomoni.

"Nong'oneni," alisema. "Kila mnachosema kwa sauti mnampakulia."

Waliketi wakakutanisha vichwa, mbali na kochi la kushoto. Bwana Eti aliikodolea macho midomo ya shangazi yake asipitwe na neno.

"Nani alimwambia karibu?"

Mkewe alimtazama mumewe. Bwana Eti akaeleza habari ya spika, na kupima kimya, na mshale ulioruka mara mbili mbili.

"Uliiona hodi," shangazi alisema. Alivua miwani. "Mwanangu, hodi husikiwa, haionwi. Wako nje tele hao. Wanapita mlango kwa mlango wanapiga hodi tangu dunia iumbwe, na hatuwasikii, na huko kutowasikia ndiyo salama yetu. Wewe umekwenda kutafuta kimya kwa kifaa, ukakipata pamoja na mwenye kimya."

"Mfukuze, shangazi," mkewe alinong'ona. "Choma chochote, soma chochote. Mfukuze leo."

"Ningemkuta mwizi ningemfukuza. Huyu ameingia kwa ulimi wa mwenye nyumba. Mgeni hafukuzwi, mwanangu, husindikizwa."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!"

"Jembe atalishika kwa mikono ipi? Huyu ana sikio na tumbo, basi."

Mkewe aliuma upande wa kanga. Kisha akauliza lile lililokuwa likimnyima usingizi. "Kwa nini mtoto? Tulikuwa na redio, tulikuwa na cherehani. Kwa nini asile hizo akashiba?"

"Mgeni hupewa kile kitamu," shangazi alimjibu. "Sasa niambie, humu ndani kitamu kilikuwa nini?"

Kasuku alikuwa ameketi katikati yao, mikono imefungwa vitambaa, anawatazama mmoja mmoja kwa macho ya mtu mzima.

Shangazi akatoa maelekezo. Aliyemwingiza ndiye atakayemtoa. Amwambie twende nikusindikize, atoke naye kwa miguu, wala asichague njia, amwachie mgeni achague. Kwa kuwa hawezi kumsikia, atamwona kwenye simu yake. Akilegea leo, alisema, sauti ya mtoto itakwenda moja kwa moja, na baada ya sauti hujui atapakua nini. Kisha akamgeukia Kasuku, akamvuta mapajani akaanza kumfuta uso kwa leso, na akaendelea kunong'ona huku amempa Bwana Eti kisogo.

"Akifika kwake atasema neno lake la mlangoni. Ukiliona, geuka urudi. Ila usimjibu. Liwe neno gani, usimjibu."

Mkewe alilisikia vizuri. Kasuku alilisikia. Bwana Eti aliona kilemba cha shangazi kikitikisika, akajua kuna jambo limesemwa na limempita. Lile neno la kuuliza lilimjia mpaka ncha ya ulimi. Hata siku ile, na mtoto wake katika hali ile, aibu ilikuwa na nguvu kumshinda. Akakisia.

"Haya, shangazi," alinong'ona. "Nimesikia."

Alisimama mlangoni, simu mkononi, akaligeukia kochi la kushoto.

"Mgeni wangu," alisema, "umekuja, tumekuona. Twende nikusindikize."

Mshale ulilala muda mrefu. Kisha ukanyanyuka kidogo, na ile harufu ya vumbi bichi ikampita shavuni ikatoka nje. Akaifuata. Hakuwa amefika mbali alipomwona mwanamke mmoja aliyebeba ndoo akigeuza shingo kuitazama nyumba yake, jinsi watu wanavyogeuka mtoto anapolia, na Bwana Eti akajua kwamba Kasuku analia na analia kwa sauti. Alitamani kurudi mbio. Lakini mshale ulikuwa unanyanyuka tena, unamwita, akaenda.

Akapita kwa kinyozi, ambaye alimpungia mkono wenye mkasi, akapita kwa mchomelea vyuma ambaye jiwe lake la kukatia lilikuwa linarusha cheche bila mlio wowote, na kadiri alivyokwenda ndivyo mtaa ulivyozidi kuzimika mbele yake, pikipiki zikipita na mitikisiko yake tu ardhini, muuza maji akifumbua kinywa na kukifumba, mbwa akimbwekea meno matupu kisha akirudi kinyumenyume chini ya gari, na ile harufu sasa haikuwa mbele yake wala nyuma bali ubavuni, bega kwa bega, kama waendavyo watu wawili waliozoeana, mpaka akajikuta anapunguza mwendo ili asimwache mwenzake, na akaogopa kuliko mwanzo, maana hakukumbuka alipoanza kupunguza.

Nyumba zilikwisha. Baada ya ile ya mwisho yenye umeme kulikuwa na nyingine iliyoachwa kuta zikiwa zimepanda bila paa, magugu yameota vyumbani. Fremu ya mlango ilikuwa imesimama, mlango wenyewe haukuwahi kuwekwa. Hapo harufu ikasimama naye akasimama. Jua lilikuwa kali, na bado ndani ya ile fremu kulikuwa na giza, na nyumba isiyo na paa giza lile ililitoa wapi? Aliyatoa macho kwenye giza akayarudisha kwenye simu.

Mshale uliruka mara tatu.

Alihesabu kwa midomo. Kwa-he-ri. Ameaga! Akamwona Kasuku akimngojea barabarani na maneno ya majuma mazima, na kinywa chake, ambacho kwa miaka kilikuwa kimejifunza kujibu kabla ya yeye kuelewa, kikajibu.

"Asante," alisema. "Asante sana."

Mazoea yana taabu, watu husema, na hawajakosea.

Kitu cha kwanza alichokigundua ni nyuki. Walikuwa wamenyamaza. Kichwa chake kilikuwa cheupe, kitupu, kimefagiwa, na ndani ya utupu huo vitu vilianza kuingia kimoja kimoja: jani likijisugua ukutani, mjusi akitembea kwenye tofali, kisha mbali, ng'ambo ya mitaa, muuza maji akiita, neno lake lote, mwanzo mpaka mwisho. Bwana Eti alicheka peke yake. Alidhani mgeni amelipa fadhila. Akarudi nyumbani anakimbia kidogo na kutembea kidogo, akiyasikia hata mapigo ya mioyo ya kuku waliolala kivulini.

"Nimepona, kinyozi!" alimwita alipofika. "Nimepona, bwana wee!"

Kinyozi aliendelea kunyoa. Alikuwa anamcheka mteja mmoja kwa utani, na hakuinua macho. Bwana Eti akadhani hakumsikia, akaona ajabu kwamba sasa yeye ndiye wa kusikia na wenzake ndio viziwi. Kwa mchomelea vyuma alisimama kidogo, kwa kuwa mlio wa jiwe lile ulikuwa mtamu. Hakujua kwa nini, ulikuwa mtamu tu, ukamshuka kifuani mpaka tumboni ukampa joto. Jiwe likanyamaza huku linazunguka. Mchomelea akalizima, akalitikisa, akalitazama. Kisha akavuta hewa puani, akakunja uso, akafunga kibanda chake mchana kweupe.

Hapo joto lilimtoka Bwana Eti. Aliinua simu usawa wa kinywa chake, akasema jina la binti yake, na hakuisikia sauti yake mwenyewe. Mshale uliruka mara tatu. Ka-su-ku. Alisimama katikati ya barabara akiutazama, pikipiki ikampenya pale alipo bila kupinda, na akaanza kuhesabu upya. Kwaheri ina mapigo matatu. Karibu nayo ina mapigo matatu. Yule hakuwa ameaga. Alikuwa amefikishwa kwake, akafanya lile ambalo muungwana yeyote hufanya akisindikizwa mpaka mlangoni. Alimkaribisha. Na yeye akasema asante, tena mara mbili, na kwa asante hiyo akawa ameingia kwao.

Hakukimbia tena. Alitembea mpaka nyumbani.

Mlango ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Cherehani ilikuwa kimya lakini ndani kulikuwa na sauti, nyembamba, ya haraka, isiyopumua, na Bwana Eti akashika ukuta. Ilikuwa sauti ya Kasuku. Alikuwa anamweleza shangazi habari zote alizoziweka tangu alipoanza kukauka, za shule, za paka, za bafuni, zote kwa mkupuo mmoja. Na alikuwa na kithembe. Baba yake hakuwahi kujua. Midomo haionyeshi kithembe, na miaka yote hiyo mtoto alikuwa akisema hivyo, kila siku, barabarani, akimngojea.

"Mama, baba atarudi thaa ngapi? Mfunikie chakula chake, thithimizi wataingia."

Alisogea. Hakukusudia, alisogea kama mtu mwenye kiu anavyosogea. Aliweka uso karibu na pazia.

"Mfunikie na—" alisema Kasuku, na neno lililofuata halikuwepo.

"Eti?" mama yake aliuliza.

Joto lilikuwa limemshuka Bwana Eti tumboni, tamu kuliko kitu chochote alichowahi kuonja.

Ndani, shangazi aliinua kichwa akavuta hewa. Mkewe naye akageuza shingo, ile shingo aliyoisoma maisha yao yote, akalitazama pazia lililotikisika. Usoni mwake kulikuwa na woga, na kupita woga kulikuwa na matumaini. Bwana Eti alijua kwamba akipiga hodi sasa, mkewe ataitika. Hata akijua ni nani na amekuwa nini, hata shangazi akimziba kinywa kwa mikono miwili, ataitika. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwake.

Akaufunga mdomo. Akarudi nyuma hatua moja, akarudi nyingine, akavuka barabara, akaendelea kurudi mpaka tumbo likapoa. Kule ndani Kasuku alirudia alichosema, na neno likatoka zima, na kithembe chake.